Mashimo Tisa ya Rweya

Mimi si mtu wa kushindwa kimya kimya. Nikishindwa karata nyumbani, watoto hukaa mbali na jiko mpaka nipoe. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba nafasi ya nne ya kwenda kucheza gofu Mwanza itagombewa na watu wawili, mimi na mzee mwonja kahawa, na kwamba tutaigombea kwenye kiwanja cha gofu ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukikanyaga, nilianza kufanya mazoezi sebuleni. Nililaza kikombe cha bati kwa ubavu mwishoni mwa mkeka nikawa nausukuma mpira kuelekea humo kila jioni, mume wangu akiinua miguu ili nipite.

Pale Bukoba mjini tulikuwa wachezaji wanane tu. Tulikuwa na mashimo manne tuliyochimba wenyewe kwenye uwanja wa wazi karibu na ziwa, tukiyazunguka mara mbili na kujidanganya kuwa tumecheza manane. Mimi niliingia kwenye mchezo huu miaka mitatu kabla, nilipokuta begi la fimbo kwenye stoo ya shule ninakofundisha jiografia. Mgeni fulani aliliacha alipoondoka, na panya walikuwa wameshakula mkanda. Niliupiga mpira mmoja siku ile kwa fimbo ya chuma, ukapaa juu ya bweni la wasichana, nikasikia kitu kikifunguka kifuani. Tangu hapo mume wangu husema nimeolewa na watu wawili.

Mwanza kulikuwa na kiwanja cha kweli. Mashimo kumi na manane, majani yanayomwagiliwa, mahali pa kusukumia mpira pamekatwa laini. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na sikuwahi kuupiga mpira juu ya majani ya namna hiyo hata mara moja. Watatu katika kundi letu walikwishachaguliwa. Nafasi ilibaki moja, na niliitaka kama mtoto anavyotaka kitu, bila aibu.

Mpinzani wangu alikuwa na miaka sitini na saba. Kazi yake maisha yote ni kuonja kahawa: anavuta kijiko kimoja kwa kelele, anakizungusha mdomoni, anatema, anaandika. Hiyo tabia ya kutema bila kumeza iliingia mpaka kwenye maongezi yake. Anaanza sentensi, anaifikiria, anaiacha. Tulipokwenda Muleba Jumamosi ile kwa gari lake dogo, tulipita Kemondo bila yeye kusema neno, na mimi nikiwa na wasiwasi huongea, basi niliongea kwa niaba yetu wote. Tulipokaribia akasema, "Mwalimu, utafika umechoka ulimi." Nikanyamaza kwa dakika tano nzima.

Mwenyeji wetu alitupokea kando ya barabara ya vumbi. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mwembamba, suruali imeingizwa ndani ya buti za mvua. Ndiye aliyekitengeneza kile kiwanja, na ndiye angetuhesabia mikwaju. Alitupandisha kilima kidogo, kisha akanyoosha mkono kama mtu anayefungua pazia.

Nilisimama nikacheka kwa furaha. Ilikuwa rweya tupu, ule uwanda wa majani unaoanza pale migomba inapoishia, ambao kwetu haulimwi, hukatwa majani tu ya kufunika shamba na kulisha ng'ombe. Bendera tisa zilizokatwa kwenye mifuko ya mbolea zilipepea huku na kule. Kulia, rweya ilishuka mpaka ukingo ambao chini yake uliona ziwa, na mbali majini kisiwa cha Bumbire kimelala. Kushoto kulikuwa na ukuta wa migomba, kibanja baada ya kibanja, kila shamba na nyumba yake ndani. Upepo ulikuwa mkali. Mikono ilianza kuniwasha.

"Njia ya mpira iko wapi?" mwonja kahawa aliuliza, maana majani mengine yalifika magotini.

"Inategemea," alisema mwenyeji wetu.

Akatueleza, na hapo ndipo nilipompenda yule mtu. Hakuwa na mashine ya kukatia majani wala mafuta ya kuiendeshea. Alichofanya ni kuzungumza na kina mama wenye vibanja. Kila aliyehitaji majani ya kufunika migomba yake alikata pale ambapo yeye mpima ardhi alikuwa amepigilia vijiti. Mama akapata majani, yeye akapata njia. Ila mama mwingine hukata pale panapomfaa, karibu na kwake, asichoke kubeba. Basi njia ya kuelekea shimo la pili wiki hii inanyooka, wiki ijayo inapinda. Hakuna mtu aliyewahi kukicheza kiwanja kile mara mbili kikiwa kilekile.

Pale penye shimo hapakuwa na majani kabisa. Palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya gari ili usipeperuke, na gunia la kuvuta juu yake kuondoa nyayo kabla hujasukuma mpira wako.

"Na mpira ukiingia kwenye kibanja?" niliuliza, nikitazama ile migomba.

"Huo si mpira uliopotea. Ni mgeni aliyefika kwa watu," alisema. "Unaingia kwa njia ya mbele, unapiga hodi, unasalimia. Mwenye kibanja atakupa mpira na atakuonyesha mahali pa kuupigia. Popote atakapoonyesha, hapo ndipo. Kwa kawaida wanaonyesha pale kwenye mpaka, penye mlamula, ule mti wa kuonyesha mpaka. Huongezewi mkwaju. Lakini ukijipenyeza kwenye migomba bila hodi, unaongezewa miwili, na mimi ndiye nitakayesikia maneno hapa kijijini, si wewe."

Tukaanza.

Shimo la kwanza nililia moyoni. Mkwaju wa kwanza niliuvuta kwa pupa, mpira ukatambaa hatua kumi ukajificha kwenye majani. Nilitumia mikwaju saba, mwonja kahawa minne. Shimo la pili sita kwa mitano. Nilikuwa nyuma kwa minne kabla jasho halijanitoka vizuri. Mzee alikuwa anapiga fupi fupi, pole pole, katikati kabisa ya njia iliyokatwa. Kila mpira wake ukitua, alikohoa kidogo. Nilianza kukichukia kile kikohozi.

Shimo la tatu tulilingana kwa mitano. La nne likanikumbusha kwa nini naupenda mchezo huu. Upepo ulitoka ziwani ukisukuma kila kitu kushoto, kwenye vibanja, kwa hiyo ilibidi kulenga ukingo, nje kabisa, kama unalenga Bumbire, na kuuacha upepo uurudishe mpira. Mzee hakuamini upepo. Alilenga bendera, akaishia kwenye majani marefu. Mimi nililenga kisiwa. Nikaupiga kwa moyo wote. Mpira ukatoka ukaelekea majini, mwenyeji wetu akasema "Aa!" na kisha ukaanza kugeuka, taratibu, ukaja ukaja ukatua mbele ya duara la mchanga. Nilipiga kigelegele. Sijui kama watu hupiga vigelegele kwenye gofu huko duniani, lakini mimi nilipiga, na mwanamke mmoja aliyekuwa anakata majani mbali akaniitikia bila kujua tunashangilia nini.

Minne kwa sita. Nilikuwa nyuma kwa miwili tu. La tano tukalingana. La sita lilikuwa fupi, na nikatumbukiza kwa mitatu, yeye minne. La saba akaukosa msukumo wa hatua moja kwa sababu alivuta gunia vibaya na kuacha mfereji mdogo, mpira ukaufuata mfereji ukapita kando ya shimo. Mzee aliutazama mfereji kwa muda mrefu. Mimi nikatumbukiza wangu.

"Thelathini na nne, thelathini na nne," alisema mwenyeji wetu, akifunga daftari. "Yamebaki mawili."

Mashimo mawili. Nilishajiona kwenye meli, begi la fimbo miguuni.

Na kwa sababu nilishajiona kwenye meli, kwenye shimo la nane niliinua kichwa kabla ya kuupiga mpira. Njia ya shimo hili ilikuwa imepinda sana kuelekea kwenye kibanja kimoja, maana mwenye nacho alikata majani karibu na kwake. Mpira ukatoka kushoto, chini, kwa kasi, ukaingia kwenye migomba. Tukasikia ukigonga mgomba mmoja, na wa pili, kisha kuku wakapiga kelele.

"Njia ya mbele," mwenyeji wetu alinikumbusha.

Nilikimbia. Mzee alikwishapiga wake, ukakaa vizuri. Nilizunguka mpaka kwenye njia ya mbele, nikapiga hodi huku nahema, na kofia yangu kichwani na suruali yangu ya mazoezi.

Alitokea mama wa miaka themanini hivi, wima, khanga mbili, mikono ina vumbi la kahawa aliyokuwa akianika mbele ya nyumba. Nikasema shikamoo haraka haraka kama mtu anayeulizia njia. Hakuitika. Alinitazama kofia, akanitazama suruali, kisha akaniuliza kwa Kihaya nimeolewa na nani.

Nilipomtajia ukoo wa mume wangu na kijiji, alipiga makofi mara moja. "Mawe!" akasema, kama Wahaya tunavyoshangaa. "Wewe ni mkamwana wetu! Baba wa mume wako mimi nilimbeba mgongoni."

Alikuwa shangazi wa baba mkwe wangu. Nilikuwa nimeolewa miaka ishirini na sita na nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya harusi, katika umati. Nilivua kofia, nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi, nikamsalimia upya, safari hii polepole, kwa Kihaya, mpaka mwisho wake. Akaitika. Akaniuliza kila mtu wa nyumbani mmoja mmoja, na mmoja mmoja nikamjibu, huku akili yangu iko kwenye rweya inapiga mahesabu. Akaleta kijikapu cha akamwani, zile buni za kutafuna tunazompa mgeni. Nikapokea kwa mikono miwili, nikatafuna.

"Waitu, nimekuja kuomba mpira wangu," nilisema hatimaye, kwa neno letu la heshima.

"Nimemwekea kuku," alisema.

Alikuwa hatanii. Tulikwenda jikoni, na pale kwenye kiota, chini ya jike mwekundu mwenye hasira, kulikuwa na mayai mawili na mipira minne ya gofu. "Akiyaona mengi, anataga," alinieleza. Nilitia mkono, nikadonolewa, nikautambua wangu kwa mstari mwekundu niliouchora kwa kalamu ya kusahihishia. Nikamshukuru. Nikamwomba anionyeshe mahali pa kuupigia.

"Mnautaka uende wapi?" aliuliza.

"Kwenye bendera ile, waitu."

Akachukua fimbo yake ya kutembelea akatangulia. Alipita kwenye mlamula wa mpaka bila hata kusimama. Nikadhani anataka kuona vizuri. Akaendelea, mimi nyuma yake, kupita mpira wa mzee, kupita majani, mpaka kwenye duara la mchanga, na hatua mbili kutoka shimoni akachomeka fimbo yake chini.

"Hapa," akasema. "Weka hapa, mwana wange. Ni karibu. Usijichoshe."

Mwenyeji wetu alinitazama, akalitazama daftari. "Popote atakapoonyesha," alisema kwa sauti ndogo. Sheria ilikuwa yake mwenyewe.

Nilijaribu. Nikasema, "Waitu, ni karibu mno, hata pale kwenye mlamula pananitosha." Uso wa yule mama ulibadilika. Mkamwana anakutana na shangazi wa mkwewe kwa mara ya kwanza tangu harusi, anapewa kitu mbele ya wanaume wawili, na anasema hakitaki. Kwetu hilo ni tusi. Nikaona nimefanya kosa, nikapiga magoti tena upesi, nikamshukuru kwa Kihaya, wakora, wakora muno, nikaupokea ule mpira kama unavyopokewa mkungu wa ndizi, nikauweka pale alipoonyesha.

Na sitadanganya: nilifurahi. Nilifurahi mpaka meno yakauma. Hatua mbili! Mtoto wangu wa mwisho angetumbukiza. Mkwaju wa pili ndani, mimi thelathini na sita, na mzee, hata akijitahidi vipi, thelathini na nane. Nilikuwa Mwanza. Nilikwishafika.

Ndipo mwonja kahawa alipokohoa. "Mcheza kwao hutunzwa," alisema. Alisema bila hasira, akitazama ziwa, na sentensi hii aliimaliza.

Angenitukana ningeutumbukiza ule mpira kwa raha zangu. Lakini niliona mkono wake uliokuwa umeshika fimbo. Ulikuwa unaisukuma taratibu, mbele na nyuma, kama nilivyofanya mimi mkekani. Sikuwa nimefikiria hata siku moja kwamba na yeye aliitaka ile safari, kwamba mtu wa miaka sitini na saba naye hulala akisukuma mpira kichwani. Nikapandwa na hasira. Nilimkasirikia yeye, na shangazi, na mwenyeji wetu na sheria zake, na nafsi yangu iliyokwishapanda meli.

Kukataa sikuweza. Kupokea nilikwishapokea. Sasa mpira ulikuwa wangu, na mpira wangu naupiga ninakotaka.

Nikachukua fimbo ya chuma, nikageuka, nikalipa shimo mgongo. Nikaupiga mpira kurudi kwenye mlamula, hatua arobaini, ukasimama kwenye mpaka kabisa.

"Mawe!" shangazi alipiga kelele. "Shimo liko huku! Huyu mtoto haoni? Shimo liko huku!" Mwenyeji wetu alidondosha kalamu. Na mzee mwonja kahawa, mtu niliyemfahamu miaka mitatu bila kuona jino lake, alicheka mpaka akashika magoti.

"Mkwaju wa pili," nilimwambia mwenyeji wetu. "Andika."

Kutoka kwenye mlamula nilihitaji mikwaju mitatu. Mitano kwa jumla. Mzee alimaliza kwa minne. Thelathini na tisa, thelathini na nane. Shangazi aliondoka akitikisa kichwa, akisema atampigia simu mume wangu anipeleke hospitali ya macho.

Shimo la tisa sitalisahau nikiwa hai. Lilikuwa refu kuliko yote, kupanda kilima, upepo usoni. Nilitaka kulipiza ule mmoja. Nililenga chini, nikaupiga ukaruka kama kwale kwenye majani, ukaenda, ukaenda. Mzee akaupiga mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akipiga. Kumbe alikuwa na nguvu, alikuwa anazificha. Mkwaju wa pili, tumelingana. Wa tatu, wote tuko kwenye mchanga, mimi hatua tisa kutoka shimoni, yeye nne.

Nilivuta gunia kwa uangalifu kama natandika kitanda cha mgonjwa. Nikasukuma. Mpira ulipanda, ukashuka, ukagusa ukingo, ukazunguka shimo lote, ukaanguka ndani. Nilirusha fimbo juu. Nilipiga kigelegele cha pili cha siku ile, na safari hii mwenyeji wetu mwenyewe aliruka. Minne! Kwenye shimo lile! Mzee akiukosa huu, tumelingana, tunarudia.

Alilivuta gunia. Hakuacha mfereji. Akasukuma hatua zake nne moja kwa moja, katikati.

"Arobaini na mbili," mwenyeji wetu alisema taratibu. "Arobaini na tatu."

Tulipeana mikono. Mzee hakuuachia wangu. "Mwalimu," alisema, "ule wa nyuma ndio ulionipa ushindi."

"Niliupiga, Mzee. Unahesabiwa."

Alizungusha maneno mdomoni kwa muda, nikadhani atayatema kama kawaida yake. "Nenda wewe Mwanza," akasema. "Nitawaambia mgongo unaniuma."

Mungu ndiye anajua jinsi nilivyotaka kusema ndiyo. Neno lilishafika kwenye meno. Meli, majani yaliyomwagiliwa, mashimo kumi na manane, vyote vilikuwa mikononi mwake na alikuwa ananipa, na bado hakuwa ameuachia mkono wangu.

"Mzee wangu," nilimwambia, "wewe si mkwe wangu. Wewe naweza kukukatalia."

Kisha nikaenda nyuma ya gari lake, nikajifanya nafunga begi, nikalia kwa hasira mpaka nikatosheka.